Land Rover ya dizeli iliyolala miaka: soma namba kwanza, spana baadaye

Ukizunguka Handeni na Korogwe hutakosa kuiona: Land Rover ya dizeli ya zamani imesimama chini ya mwembe, matairi yamezama ardhini, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Mwenyewe anasema injini ni nzima, "ni betri tu". Bei inavutia. Unalipa, unaita fundi, kesho yake bodi inapigwa msasa na chasisi inakatwa kwa moto.

Hapo ndipo mtu anapoweza kupoteza gari lake bila kujua. Kipande cha chuma kilichooza kikitupwa pamoja na namba ya chasisi iliyogongwa juu yake, gari linabaki halina jina. Litawaka, litapendeza, lakini kulihamisha umiliki au kuliuza itakuwa kazi.

Ndiyo maana kufufua gari na kutafuta asili yake ni kazi moja, na asili ndiyo inayotangulia. Haya ni mambo ya kufanya, kwa mpangilio wake.

Zilifikaje huku?

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Injini ya dizeli iliingia mwaka 1957. Kwa mkoa wa Tanga lilikuwa gari la kazi: barabara za udongo, mashamba makubwa, vijiji vya mbali.

Korogwe ni nchi ya mkonge na reli. Mashamba ya mkonge yalihitaji gari la meneja, la mafundi na la kukagua mipaka. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yaliingia mikononi mwa serikali, na magari yake yakahamia kwenye shirika la umma. Kulikuwa na magari ya wilaya, ya misheni, ya hospitali na ya reli ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Kuanzia mwaka 1972 ukaja mradi wa maendeleo wa mkoa wa Tanga uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi, TIRDEP, nao ukaongeza magari ya miradi vijijini.

Kwa hiyo gari lililoko leo kwa mtu binafsi Mkata au Mombo, mara nyingi halikuanza kwa mtu binafsi. Lilianza ofisini, shambani au misheni.

Kuna jambo jingine linaloeleza hali ya magari haya. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 na kufunguliwa tena mwaka 1983. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, halafu ukame wa fedha za kigeni. Spea zikawa adimu. Mafundi walichonga bushi, walihamisha gia boksi kutoka gari moja kwenda jingine, walifunga injini ya gari lililokufa kwenye gari lililo hai. Usishangae ukikuta gari moja lina mbele ya mwaka huu na nyuma ya mwaka ule. Hiyo nayo ni sehemu ya historia yake.

Litambue kwa macho

Kabla ya namba, macho yanakupa nusu ya jibu.

Pima umbali kati ya kitovu cha tairi la mbele na la nyuma. Sentimita 224 hivi ni 88, yaani inchi 88, ile fupi. Sentimita 277 hivi ni 109. Sentimita 279 hivi ni 110. Tofauti ya 109 na 110 ni ndogo, kwa hiyo chungulia chini: 109 ina springi za bapa zilizolaliana, 110 ina springi za koili.

Angalia taa kubwa. Kama ziko katikati karibu na wavu wa rejeta, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Kama ziko kwenye mabawa, ni la baada ya hapo.

Angalia dashibodi. Saa za kupimia zikiwa katikati, ni Series II au IIA. Zikiwa mbele ya dereva, na wavu wa mbele ukiwa wa plastiki, ni Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Series IIA ilianza 1961. One Ten yenye springi za koili ilianza 1983, na jina Defender lilikuja mwaka 1990.

Lakini usiishie hapo. Bawa hubadilishwa kwa boliti chache tu, na dashibodi vilevile. Macho yanabahatisha, namba ndiyo inayosema.

Namba tatu za kutafuta

Chukua brashi ya waya, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na simu yako.

Ya kwanza ni namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe. Kwa Series II, IIA na III itafute mbele upande wa kulia, kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi. Mara nyingi imefunikwa na tabaka za rangi, oili na udongo. Sugua taratibu. Usitumie grenda hata kidogo, maana namba hizi hazikugongwa kwa kina. Mwagia mwanga wa tochi kutoka ubavuni na upige picha. Kivuli huonesha tarakimu ambazo jicho halioni.

Ya pili ni ile ya kibati kilichofungwa na kiwanda. Kwenye Series huwa ndani ya kebini, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Kibati kinaweza kuhamishwa kutoka gari jingine, kwa hiyo kilinganishe na chasisi.

Ya tatu ni ya injini. Imegongwa kwenye bloku, sehemu ya mbele, chini kidogo ya silinda hedi. Usishtuke ikiwa haifanani na ya chasisi: hata kiwandani hazikufanana.

Jinsi ya kuisoma

Kwenye Series IIA namba ya chasisi ina tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo zinaeleza aina ya gari. Mfano, 277 ni 109 ya dizeli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya nje ya Uingereza. Ikianza na 278, ni gari la aina hiyohiyo, ila lilitoka Uingereza likiwa vipande na kuunganishwa kwingine. Herufi ya mwisho inaonesha hatua ya mabadiliko ya muundo, na fundi au muuza spea anaihitaji ili akupe kifaa sahihi.

Magari ya miaka ya 1980 na kuendelea yana namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Inaanza na SAL, ambayo ni alama ya kiwanda. SALLB ni Series III, SALLD ni familia ya 90, 110 na Defender.

Kwa injini ya dizeli ya Series IIA, namba huanza na 271. Ukikuta chasisi ya dizeli na injini inayoanza na 251, jua mtu aliweka ya petroli, au kinyume chake.

Vifaa vya umeme vya Lucas navyo vinasaidia. Stata na dainamo nyingi zina mwezi na mwaka vilivyogongwa juu yake. Tarehe mbili tatu zinazokaribiana ni ushahidi mzuri kwamba vifaa hivyo vilikuja na gari.

Kadi ya gari ni nusu ya bei

Sasa linganisha namba na kadi ya usajili. Namba ya chasisi, namba ya injini, rangi, aina ya mafuta: kila kimoja kisomwe huku mwenye gari akiwepo. Fanya hivyo kabla ya kutoa hela, siyo baada.

Kama injini ilibadilishwa na kadi bado inaonesha ya zamani, mrekebishaji ni TRA. Kama namba ya chasisi haisomeki au haifanani na kadi, simama kwanza. Nenda TRA na polisi uulize utaratibu kabla hujanunua. "Tutarekebisha baadaye" ni maneno ya muuzaji. Atakayehangaika ni wewe.

Angalia pia jina kwenye kadi. Gari la marehemu linahitaji msimamizi wa mirathi. Gari lililokuwa la shirika, kanisa au mradi linahitaji karatasi ya kuonesha liliuzwa kihalali. Kijana anayesema "ni la babu, sina shida nalo" anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado asiwe na haki ya kuuza.

Rangi na wazee

Kwenye sehemu iliyofichika, kama ndani ya mlango au chini ya siti, chukua msasa laini na maji. Sugua duara dogo la ukubwa wa shilingi mpaka ufike kwenye aluminiamu. Tabaka za rangi zitajipanga kama pete za mti. Ya chini kabisa, ikiwa bodi ni ya asili, ndiyo iliyotoka kiwandani. Kijani kizito kiitwacho Bronze Green, bluu ya Marine Blue na nyeupe-maziwa ya Limestone zilikuwa rangi za kawaida.

Chungulia milango kwa mwanga wa pembeni. Maandishi ya shirika au misheni hubaki kama kivuli chini ya rangi mpya. Kibao cha zamani pia kinasema: SU ni shirika la umma, DFP ni mradi wa wafadhili. Namba za Kenya huanza na K, na Land Rover ziliunganishwa Thika pia, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya.

Halafu nenda kwa watu. Madereva wastaafu wa mashamba, wa wilaya na wa hospitali bado wapo Korogwe, Hale, Kabuku na Chanika. Usiende na maswali ya kipolisi. Toa shikamoo, kaa, mwoneshe mzee picha kwenye simu, mwache aseme mwenyewe. Dereva hasahau gari aliloendesha miaka kumi: atakwambia mlango upi ulikuwa haufungi na kona ipi liliangukia. Ukienda kutazama na ukakuta mlango huo umenyooshwa kwa nyundo, umepata ushahidi kuliko karatasi nyingi.

Andika jina la shamba au ofisi, miaka na rangi. Rekodi sauti, lakini kwa ruhusa yake.

Kumbukumbu za Uingereza

Land Rover hizi zilitengenezwa Solihull. Kumbukumbu za kiwanda zinatunzwa na British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza. Kwa malipo wanatoa cheti kinachoonesha tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kutoka kiwandani, rangi, namba ya injini ya mwanzo na lilikopelekwa. Wanachohitaji ni namba ya chasisi iliyo sahihi.

Kwa magari yaliyosafirishwa kama vipande, cheti huwa na maelezo machache. Hapo ndipo maneno ya mzee wa Hale yanapokuwa na thamani kuliko barua ya Uingereza.

Sasa shika spana: chasisi

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haiozi kama bati. Hilo ndilo linalodanganya watu. Chasisi ni chuma kilichounganishwa kama boksi, na udongo mwekundu unaingia ndani, unakaa na unyevu wa masika, unakula chuma kutoka ndani kwenda nje.

Gonga chasisi yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Angalia hasa boriti ya nyuma kabisa, mikono inayobeba bodi na sehemu za springi. Angalia na ukuta wa kebini chini ya miguu ya dereva, huo nao ni chuma.

Kama mkono wa mbele kulia umeoza, usimruhusu mtu kuukata kabla hujapiga picha za namba na kuwauliza TRA na polisi utaratibu. Kipande chenye namba kitunzwe. Kugonga namba upya kienyeji, hata ikiwa ni ileile, ni kujitafutia kesi.

Usiwashe injini bado

Injini iliyo ya kawaida kwenye Series ni dizeli ya sentimita za ujazo 2,286, silinda nne. Ni ya mnyororo wa taimingi, siyo mkanda. Ile ya 2,495 iliyokuja mwaka 1984 na zile za 200Tdi na 300Tdi zina mkanda. Hizo, kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha kabla ya kuwasha.

Injini iliyolala miaka isivutwe kwa gari jingine "ili ishike". Ringi zinaweza kuwa zimeganda kwenye silinda. Toa nozo zote nne, mimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo kwenye kila silinda, acha ilale. Kesho yake izungushe kwa spana kwenye boliti ya krenki. Ikizunguka nyepesi, endelea. Ikigoma, rudia, usilazimishe.

Mwaga oili yote na uweke mpya. Mwaga dizeli yote ya tangi, maana chini kuna maji na uchafu. Badilisha filta. Pampu ya mafuta, kawaida ni CAV aina ya DPA, pamoja na nozo vipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Pampu haifunguliwi chini ya mti. Vumbi la Handeni likiingia humo, umenunua pampu nyingine.

Ukirudisha, toa upepo kwenye filta, kwenye pampu, kisha kwenye nozo. Gari likipiga stata bila kushika, mara nyingi ni upepo huo.

Kama asubuhi linasumbua, kagua plagi za kupashia moto. Kwenye injini hizi za zamani zimeungwa kwa mfuatano: moja ikifa, zote nne zimekufa. Mtu anaweza kununua betri mbili wakati tatizo ni plagi moja.

Tahadhari kubwa: kabla ya kuwasha, hakikisha waya wa kuzimia unavuta na kurudisha mkono wa pampu. Dizeli yenye ringi mbovu inaweza kuvuta oili yake yenyewe na kupanda mizunguko bila kusikia ufunguo. Mwekee mtu kipande cha ubao bapa karibu na mdomo wa hewa, auzibe haraka ikitokea. Usitumie mkono.

Ikishawaka, tazama joto. Silinda hedi ya dizeli hizi hupasuka ikichemka. Safisha rejeta, angalia pampu ya maji na mipira yote kabla ya safari hata ya kilomita tano.

Breki kabla ya rangi

Series nyingi za zamani zina njia moja ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inazama mpaka chini na hakuna cha akiba. Badilisha mabomba, mipira ya silinda na mafuta yote. Usipandishe gari Mombo kwenda Soni kwa breki ambazo hujazijaribu tambarare. Kupanda siyo kazi, kazi ni kurudi.

Jaribu pia gia ya magurudumu manne. Kwenye Series, kitufe cha njano hukandamizwa kuingiza magurudumu manne kwenye gia za juu, na mkono mwekundu ni wa gia za chini. Visitumike kwenye lami kavu, vinabana mfumo.

Kwenye umeme, usifunge betri kwa mazoea. Magari ya mpaka mwaka 1967 hivi yalitoka kiwandani waya chanya ukiwa umeungwa kwenye bodi, siyo hasi. Mengi yalibadilishwa baadaye, lakini hakikisha kwanza la kwako likoje. Ukikosea unaweza kuchoma kifaa kizima kwa sekunde.

Rangi iwe ya mwisho. Gari linalometa lenye breki mbovu ni hatari iliyopambwa.

Injini ya asili au ya Kijapani?

Wengi huweka injini ya Toyota, Nissan au Isuzu. Hakuna dhambi. Spea zinapatikana kirahisi na nguvu inaongezeka. Ila fahamu kwamba breki na gia boksi za Series zilipangwa kwa injini ya nguvu za farasi 62 hivi. Ukiongeza nguvu, ongeza na breki. Na kadi irekebishwe TRA.

Kama gari lako bado lina injini iliyotoka nayo Solihull, fikiri mara mbili kabla ya kuitupa. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover na mamia ya magari yakajitokeza, ya kila umri. Watu wanazitafuta. Lenye namba zinazokubaliana na historia inayoeleweka lina la kujieleza mbele ya mnunuzi. Hata ukibadilisha, itunze ya zamani chini ya turubai.

Jalada moja

Tengeneza jalada la gari. Weka picha za namba zote, nakala ya kadi, karatasi za mauziano, risiti za spea, cheti cha Uingereza ukikipata, na simulizi ya madereva ukiwa umeandika tarehe. Hifadhi nakala nje ya simu, maana simu huibiwa.

Mashamba yamebadilisha wenyewe, miradi imefungwa, na mafaili ya ofisi nyingi huwezi kuyapata tena. Mzee aliyeliendesha gari lako mwaka 1975 leo ni mtu mzima sana. Chasisi inaweza kusubiri msimu mmoja zaidi. Yeye mtembelee wiki hii.